Kreti nne, kisha nane: kufundisha mnyororo wa ugavi kwa mchezo wa darasani

Mwanafunzi wa ugavi anaweza kukuandikia kwenye mtihani maana ya athari ya mjeledi (oda kuyumba zaidi kadiri zinavyosogea mbali na mteja) bila kukosea nukta, kisha siku akikabidhiwa ghala akafanya lilelile alilolikosoa kwenye karatasi. Si kwamba hakuelewa. Mhadhara humwonyesha mnyororo mzima, kuanzia kiwandani hadi kwa mteja, wakati kazini ataona kiungo kimoja tu: mzigo alionao, oda zilizomfikia na simu za watu wenye hasira. Mchezo huu unamweka hapo kwenye kiungo kimoja, unamnyima habari za wenzake, na kumwambia aamue.

Uliandaliwa karibu mwaka 1960 katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani, kwenye kundi la profesa Jay Forrester, na tangu hapo umechezwa na wanafunzi na mameneja wa kila namna. Bidhaa ya asili ni bia. Hapa tunatumia kreti za soda, kwa sababu mchezo unafaa hata sekondari na kwa sababu kuna madarasa mengi ambamo bia ingeleta mjadala usiohusiana na somo. Hesabu hazibadiliki.

Onyo moja kabla ya vifaa: usifundishe nadharia kwanza. Usitaje mjeledi, usitaje ucheleweshaji, usiwaambie wawe waangalifu. Mwalimu anayetangulia kueleza huwa ameliua somo. Wanafunzi watacheza wakitafuta jibu unalolitaka, na vurugu zitakazotokea zitaonekana ni zako, si zao.

Vifaa na wachezaji

Mnyororo mmoja una vituo vinne: duka la rejareja (Mangi wa mtaani, kwa lugha ya Dar es Salaam), duka la jumla, msambazaji na kiwanda. Weka watu wawili kila kituo, mmoja akisogeza mzigo, mwingine akiandika. Hao ni wanane kwa mnyororo. Darasa la watu 40 linatoa minyororo mitano inayoshindana. Ukiwa na wengi zaidi, weka watatu kwa kituo. Wanne ni wengi mno. Wawili watakuwa kwenye simu.

Kwa kila mnyororo andaa:

- meza ndefu au madawati yaliyounganishwa, na karatasi za manila za kuchorea ubao wa mchezo;
- punje za mahindi (kila punje ni kreti 1) na maharage (kila harage ni kreti 10). Gunia halihitajiki, kikombe kimoja cha kila aina kinatosha;
- vikaratasi vitupu vya oda, kama 160;
- kadi 50 za mahitaji ya wateja, zimepangwa kifudifudi: nne za mwanzo zimeandikwa 4, zote zinazofuata zimeandikwa 8;
- fomu nne, moja kwa kila kituo, zenye safu tano: wiki, oda iliyoingia, mzigo ghalani, deni, oda niliyotoa.

Kadi hizo ndizo siri ya mchezo wote. Ziandike mwenyewe, usimpe mwanafunzi kazi hiyo.

Kompyuta si lazima. Zipo programu za mchezo huu kwenye intaneti na zinaokoa muda, lakini kwa mara ya kwanza punje ni bora. Kwenye punje mzigo ulio njiani unaonekana mezani, mbele ya macho ya mchezaji, na bado atausahau. Hilo utalihitaji baadaye kwenye mjadala.

Kupanga meza

Vituo vinapangwa kwa mstari. Kati ya kituo na kituo chora visanduku viwili vya mzigo ulio njiani, na juu yake visanduku viwili vya oda: kimoja cha oda iliyotoka, kingine cha oda inayoingia. Mzigo unakwenda kuelekea kwa mteja, oda zinakwenda kuelekea kiwandani. Mwishoni mwa mstari, baada ya kiwanda, chora visanduku viwili vya uzalishaji na kimoja cha oda ya uzalishaji.

Kabla ya wiki ya kwanza kila ghala liwe na kreti 12. Kila kisanduku cha njiani na cha uzalishaji kiwe na kreti 4. Kila kisanduku cha oda kiwe na kikaratasi kilichoandikwa 4 na kufunikwa. Ukihesabu punje zote mezani utapata kreti 80. Zisipotimia 80, kuna kisanduku umekiruka.

Wiki moja inavyochezwa

Mwalimu ndiye anayeita hatua, kwa sauti, kwa minyororo yote pamoja. Usiruhusu kundi liende kwa kasi yake. Likikosea hatua moja, fomu zake zote hazitasomeka.

1. Pokea mzigo. Punje zilizo kwenye kisanduku cha karibu nawe ziingie ghalani. Zilizo kwenye kisanduku cha mbali zisogee cha karibu. Kiwanda hufanya vivyo hivyo na visanduku vyake vya uzalishaji.
2. Funua oda inayoingia (duka la rejareja linafunua kadi ya mteja) na utoe mzigo. Unachodaiwa ni deni la wiki iliyopita pamoja na oda mpya. Ukiwa nacho chote, toa chote. Kikipungua, toa ulichonacho, kilichobaki ni deni. Mzigo unaotoka unawekwa kwenye kisanduku cha njiani kilicho karibu nawe, na wa duka la rejareja unatoka mezani.
3. Andika mzigo uliobaki ghalani au deni.
4. Sogeza vikaratasi: oda iliyotoka ihamie kisanduku cha oda inayoingia, bila kufunuliwa. Kiwanda kinafunua oda yake ya uzalishaji na kuweka idadi hiyo ya punje kwenye kisanduku cha mbali cha uzalishaji.
5. Amua oda yako, iandike kwenye fomu, iandike kwenye kikaratasi, kifunike.

Fanya mfano mmoja ubaoni. Ghala lina 3, zimeingia 4, jumla 7. Deni la wiki iliyopita ni 2 na oda mpya ni 9, jumla 11. Zinatoka 7, ghala linabaki 0, deni ni 4. Wanafunzi wengi hukwama kwenye deni, kwa hiyo rudia mfano kwa namba nyingine kabla ya kuanza.

Gharama ni mbili. Kila kreti inayolala ghalani inagharimu shilingi 500 kwa wiki, na kila kreti unayodaiwa inagharimu shilingi 1,000 kwa wiki. Mnyororo wenye jumla ndogo ya gharama ndio mshindi. Sisitiza kwamba ni mnyororo, si kituo. Watakusikia na kutikisa kichwa, kisha kila mtu atapigania ghala lake.

Sheria iliyobaki ni ya kimya. Vituo havizungumzi, havionyeshani fomu, havichungulii vikaratasi. Namba kwenye kikaratasi ndiyo lugha pekee.

Kuendesha mchezo

Wiki tatu za kwanza waamuru wote waagize 4, ili mikono izoee hatua. Kuanzia wiki ya nne wape uhuru. Watangazie kwamba mchezo ni wa wiki 50, lakini panga kusimama wiki ya 36. Wakijua mwisho wa kweli watamaliza maghala makusudi ili kupunguza gharama, na picha ya oda itaharibika.

Wiki kumi za kwanza huenda polepole, baadaye wiki moja haizidi dakika moja na nusu. Kipindi cha pamoja cha dakika 80 kinatosha kucheza tu. Kama unaweza kupata saa tatu mfululizo, zichukue, kwa maana mjadala wa siku ileile una moto ambao keshokutwa haupo.

Wiki ya tano kadi ya kwanza ya 8 inafunuliwa. Duka la rejareja litashtuka kidogo. Wengine hawatajua chochote kwa wiki mbili. Kufikia wiki ya kumi na kuendelea utaanza kusikia miguno, mtu atagonga meza, mwingine atacheka kwa hasira akimtazama jirani yake wa kulia. Msambazaji atakuwa na deni refu. Kiwanda kitaagiza 30, 40, wakati mwingine zaidi. Kisha, wiki kadhaa baadaye, mzigo wote utafika kwa pamoja, oda zitakatika ghafla, na kiwanda kitakaa wiki nyingi kikifunua sifuri baada ya sifuri huku ghala likifurika. Kaa kimya. Kazi yako hapo ni kuita hatua na kukagua hesabu. Mtu akikuuliza kama oda yake ni sahihi, mwambie aamue mwenyewe.

Kama una wasaidizi, mweke mmoja kwa kila mnyororo akague safu ya deni. Kosa la hesabu la wiki ya 9 litakutesa mpaka mwisho.

Mjadala, ambao ndio somo

Ukisimamisha mchezo wasiinuke. Mpe kila asiyekuwa duka la rejareja karatasi tupu, umwambie achore grafu ya mahitaji ya mteja, wiki kwa wiki, jinsi anavyodhani yalivyokuwa. Maduka ya rejareja yakae kimya, na ikibidi yatoe watu wake nje kwa dakika tano. Kusanya michoro hiyo na uibandike ukutani. Kwa kawaida utaona milima na mabonde: mteja alipanda, akashuka, akapotea kabisa, akarudi.

Wakati huo vituo vijumlishe gharama. Safu ya mzigo mara 500, safu ya deni mara 1,000, kisha vituo vinne pamoja. Tangaza mshindi, mpigie makofi, endelea. Zawadi ya kreti ya soda ya kweli haijawahi kumkera mtu.

Kisha kila mnyororo uchore oda za vituo vyake vinne kwenye manila moja, kwa kipimo kimoja. Kipimo kimoja ni muhimu: kila mmoja akichora kwa kipimo chake, mistari yote itaonekana kulingana urefu. Kwa kipimo kimoja wataona wimbi likikua kadiri linavyosogea mbali na mteja, na kilele cha kiwanda kikija baadaye na juu kuliko cha wengine.

Sasa uliza: nani alaumiwe? Waache. Duka la jumla litamlaumu msambazaji kwa kuchelewesha, msambazaji atalilaumu duka la jumla kwa oda za kichaa, kiwanda kitawalaumu wote, na watatu kati ya wanne watakubaliana kwamba mteja hakutabirika. Hapo ndipo ufunue kadi, moja moja, kwa sauti. Nne. Nne. Nne. Nne. Nane. Nane. Nane. Endelea mpaka darasa lielewe kwamba hakuna kingine. Mteja alibadilika mara moja tu, na michoro iliyo ukutani haimhusu. Milima ile waliitengeneza wenyewe.

Usiishie kwenye kicheko. Chukua chaki ufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu watabaki wakidhani walikuwa wajinga, na hawakuwa. Tuseme Mangi aliiona 8 wiki ya 5 na papo hapo akaanza kuagiza 8. Oda yake inachukua wiki nne kuleta mzigo: mbili za karatasi, mbili za njiani. Wiki ya 5 anabaki na 8, ya 6 anabaki na 4, ya 7 sifuri, ya 8 ana deni la 4. Wiki ya 9 kreti 8 zinaingia na 8 zinatoka, deni linabaki 4, na litabaki hapo milele. Kurudi kwenye akiba yake ya 12 anahitaji nyongeza ya kreti 16. Nyongeza hiyo ni halali kabisa, lakini ni ya mara moja.

Mtu wa kawaida hufanyaje? Wiki ya 8 anaona deni, anaagiza 24: 8 za mteja na 16 za kufidia. Wiki ya 9 deni bado lipo, anaagiza 24 tena. Wiki ya 10 vilevile, wiki ya 11 vilevile. Mzigo wa oda ya wiki ya 8 hauwezi kufika kabla ya wiki ya 12, na kufikia hapo ameshaagiza nyongeza ya 64 mahali pa 16. Duka la jumla, kwa upande wake, limeona oda zikipanda kutoka 4 hadi 24 na kuamini kwamba soko limekua mara sita. Nalo linafidia kwa namna hiyohiyo, juu ya namba ambayo tayari ni ya uongo.

John Sterman wa MIT alichapisha mwaka 1989 uchambuzi wa michezo mingi ya namna hii. Kwa wastani timu zilitumia dola 2,028 mahali ambapo kanuni nzuri ya kuagiza ingetumia kama 204. Aligundua pia kwamba wachezaji huzingatia kilichopo ghalani na kupuuza walichokwisha kuagiza ambacho hakijafika. Waonyeshe wanafunzi wako zile punje za njiani: zilikuwa mezani muda wote.

Raundi ya pili

Ukiwa na muda, cheza tena na kubadilisha kitu kimoja tu. Kilichozaa matunda zaidi, kwa maoni yangu, ni kuongeza safu ya sita kwenye fomu: mzigo niliouagiza ambao haujafika. Mchezaji anajiwekea lengo la jumla ya ghala na njia, kisha anaagiza pengo lililopo. Mahitaji yakiwa 4, jumla hiyo ni 12 za ghalani na 16 za njiani, yaani 28. Yakiwa 8, ni 12 na 32, yaani 44. Tofauti ni 16 zilezile za ubaoni, na darasa likiliona hilo huwa kuna ukimya mzuri. Kwa kiwanda njia ni wiki tatu, si nne, kwa hiyo lengo lake ni dogo kidogo.

Mabadiliko mengine ni kuweka kadi za mteja wazi ili vituo vyote vizione, au kuondoa kisanduku kimoja cha njiani. Vyovyote utakavyochagua, badilisha namba za kadi na wiki ya kupanda, maana siri imeshatoka.

Kutoka mezani hadi sokoni

Mchezo unaonyesha chanzo kimoja cha mjeledi kwa ukali, lakini vyanzo si hicho tu. Mtafiti Hau Lee na wenzake wawili walivitaja vinne mwaka 1997, wakianza na kisa cha kampuni ya Procter & Gamble: watoto hutumia nepi kwa mwendo uleule, lakini oda za nepi za Pampers ziliyumba sana kadiri zilivyopanda mnyororo. Cha kwanza ni huku kukisia mahitaji kutokana na oda za jirani. Waulize wanafunzi watafute vitatu vilivyobaki mtaani kwao. Mwenye duka la saruji asubiriye mpaka oda ijaze Fuso nzima anatoa oda kubwa leo na kimya cha mwezi. Promosheni ya "nunua kumi upate moja" inavuta mauzo ya mwezi ujao yaje mwezi huu. Na bidhaa ikiadimika, kila mmoja anaagiza maradufu akijua atapewa nusu. Sukari ilipoadimika Tanzania mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua kubwa kuvuruga uvunaji wa miwa, upungufu ulikuwa wa kweli. Swali zuri la darasani ni kiasi gani cha oda za wiki zile kilikuwa kiu ya watu na kiasi gani kilikuwa hofu ya maduka.

Kwa wanafunzi wa famasi au afya badilisha soda iwe dawa mseto ya malaria, na vituo viwe zahanati, bohari ya wilaya, bohari kuu na kiwanda. Hapo ondoa sheria ya deni kwenye zahanati: mgonjwa aliyekosa dawa hasubiri wiki ijayo, ameondoka, kwa hiyo kila dozi iliyokosekana iandikwe kama hasara na isifidiwe. Unaweza pia kuharibu mzigo unaokaa ghalani muda mrefu, kwa ajili ya tarehe ya kuisha. Na kwa darasa lililokomaa, rudi kwenye soda ya chupa na uweke sharti linalojulikana na kila mwenye duka: hupati kreti iliyojaa bila kurudisha tupu. Mnyororo unaanza kwenda pande mbili, na ugumu wake unatosha muhula mzima.

Kwenye mtihani usiulize tena maana ya mjeledi. Mpe mwanafunzi fomu iliyojazwa ya msambazaji fulani, wiki ya 1 hadi ya 20, ukate safu ya mwisho, umwambie aandike oda ya wiki ya 21 na ajieleze kwa mistari mitano. Ndiyo sababu fomu za kila mwaka hazitupwi. Zipige picha kabla hawajaondoka nazo, na panya wakiwa wengi ofisini, mahindi na maharage yakae kwenye kopo lenye mfuniko.